Donda la Siku Nyingi: Namna ya Kuliuguza Nyumbani

Katika vijiji vingi vya nchi yetu hukosi kumkuta mzee mmoja, au mama mmoja, ambaye mguu wake umefungwa kitambaa siku zote. Watu wamekwisha mzoea. Watoto waliozaliwa baada ya kidonda kile kutokea hudhani kwamba kitambaa ni sehemu ya mavazi yake. Hapana amwulizaye tena habari za mguu, na mwenyewe ameacha kusema. Akienda kanisani hukaa nyuma karibu na mlango. Akialikwa arusini hutafuta udhuru. Nawe ukimwuliza, atakujibu, "Hili ni donda ndugu, mwanangu. Nitazikwa nalo."

Nataka kuwasimulia wasomaji habari za mtu mmoja aliyesema maneno hayo, naye hakuzikwa nalo. Mtu huyo ni baba yangu mkubwa. Mimi si daktari wala mwuguzi. Ni karani wa serikali, na kazi yangu ni majalada na barua. Haya niyaandikayo niliyapata kwa wauguzi waliotufundisha, na mengine niliyapata kwa kukosea kwanza. Nikimwokoa msomaji mmoja asirudie makosa yetu, nitakuwa nimelipwa.

MWANZO WAKE

Baba mkubwa ni mkulima katika milima ya Taita, juu ya Wundanyi. Mashamba yetu huko ni ya miteremko, na mtu hushinda kutwa akiwa amesimama. Kwa miaka mingi mguu wake wa kushoto ulikuwa ukivimba jioni na kupungua asubuhi. Mishipa ilijitokeza kama kamba chini ya ngozi. Baadaye ngozi iliyo juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, ikaanza kugeuka nyeusi, ikawa ngumu, na ikawa yamwasha. Hatukuyatia maanani mambo hayo. Tulisema ni uzee.

Siku moja alikuwa akimkatia ng'ombe majani, kijiti kikamkwaruza pale penye weusi. Ulikuwa mkwaruzo mdogo tu, ambao kijana angeusahau kabla ya jua kutua. Lakini haukufunga. Baada ya miezi mitatu ulikuwa kidonda cha ukubwa wa shilingi. Baada ya mwaka mmoja ulikuwa sawa na kiganja cha mtoto, na maji yakitoka humo mchana na usiku.

Na dawa tulizotia! Tulitia majani yaliyopondwa. Tulitia majivu. Jirani alileta unga mweusi wa betri za tochi, nao tukautia. Tulimwagia spiriti hata mzee akauma kitambaa kwa maumivu. Tulimwagia dawa kali ya kuua vijidudu, ile ya kusafishia sakafu, bila kuichanganya na maji. Mwisho tukafungua kapsuli za rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya donda kama chumvi juu ya nyama. Hilo la kapsuli nalileta mimi mwenyewe, mtu niliyesoma sekondari. Kila mwisho wa mwezi nilizinunua dukani, nikapanda nazo mlimani, nikijiona mtoto mwema.

Kila dawa mpya ilionekana kufaa kwa juma moja. Kisha donda likarudi lilivyokuwa, au likazidi.

Mwaka wa tano harufu ilianza. Jioni moja tulikuwa tumeketi jikoni tukila, na mtoto mdogo wa ndugu yangu akaziba pua yake kwa vidole. Hakumaanisha ubaya; alikuwa mtoto. Mama yake akampiga kibao, lakini lililotendeka lilikuwa limetendeka. Baba mkubwa aliinuka na sahani yake akatoka nje. Tangu siku hiyo alikula peke yake, ameketi chini ya ukuta wa ghala, na hapana aliyeweza kumrudisha.

Tulimpeleka katika hospitali moja. Mtu aliyetupokea alitazama kitambaa, hakukifungua, akasema kwamba mguu wa namna hiyo hukatwa. Baba mkubwa hakungoja kumwona daktari. Alisema, "Nilikuja duniani na miguu miwili," akarudi nyumbani. Kwa mwaka mzima hakutaka kusikia neno hospitali.

MWUGUZI ALIYEULIZA MASWALI

Mwaka wa sita homa ilimshika, na mguu ukawa mwekundu hata karibu na goti. Tulimbeba tukampeleka zahanati ndogo iliyo karibu. Tulimkuta mwuguzi mmoja, mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alimpa dawa za homa na za kuua vijidudu kwa njia ya kumeza, na akamchoma sindano ya kuzuia pepopunda. Siku ya nne, homa ilipokwisha, aliketi mbele yake juu ya kibao, akaanza kuuliza.

Je, mguu huvimba jioni? Ukiulaza juu ya mto hupungua? Je, huumwa zaidi unapotembea, au unapolala? Wapata kiu nyingi? Huamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo? Akamwambia afumbe macho, akamgusa vidole vya mguu kimoja kimoja, akiuliza ni kipi. Akatafuta mapigo ya damu juu ya wayo kwa ncha za vidole vyake. Akampima shinikizo la damu mkononi na kifundoni pia. Akamtoboa kidole cha mkono na kupima sukari katika damu. Akabonyeza ngozi juu ya kifundo, na kidole chake kikaacha shimo.

Baada ya hayo yote alisema, "Baba, miaka sita mmekuwa mkilitibu donda. Donda halina kosa. Mguu ndio mgonjwa."

KWA NINI DONDA HALIFUNGI

Hapo ndipo tulipofahamu jambo ambalo yapasa kila mtu alifahamu. Mwili wa mtu hujiponya wenyewe. Jeraha la kawaida hufunga kwa majuma machache bila dawa kubwa, kama likiwekwa safi. Likipita miezi mitatu bila kufunga, hapana budi kuna kitu kinachouzuia mwili usifanye kazi yake. Kitu hicho kisipoondolewa, hata dawa ya dhahabu haitafaa.

Kwa baba mkubwa, kizuizi kilikuwa katika mishipa irudishayo damu. Moyo husukuma damu hata miguuni, lakini kuirudisha juu ni kazi ngumu, kwa kuwa inapanda. Ndani ya mishipa hiyo mna vilango vidogo vinavyoizuia damu isirudi chini, na kila tupigapo hatua, nyama za shavu la mguu huikamua damu kwenda juu. Vilango vikiharibika, damu hutuama mguuni. Mkulima wa Taita hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mfereji ukizibwa upande wa kutokea, maji hufurika, udongo hulowa, na ukingo humomonyoka wenyewe. Ndivyo ngozi yake ilivyomomonyoka.

Lakini si madonda yote yenye asili moja, na kosa kubwa ni kudhani hivyo. Mwenye kisukari aghalabu hupata donda chini ya wayo au kwenye kidole, kwa sababu mguu umekufa ganzi. Msumari huingia kwenye kiatu naye akatembea nao kutwa asijue. Mwenye ukoma hupatwa na jambo lilo hilo. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore katika Bara Hindi tangu mwaka 1946, alionyesha kwamba miguu ya wakoma haiozi yenyewe, ila huharibika kwa kuumizwa kila siku bila wenyewe kuhisi. Kuna na wale ambao mishipa ipelekayo damu miguuni imezibika. Mguu wao huwa baridi, na usiku huumwa hata hulazimika kuuning'iniza kitandani. Wenye siko seli nao hupata madonda karibu na kifundo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani hupata madonda kwenye kiuno, nyonga na visigino. Dawa yake ya kwanza ni kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi.

Liko pia donda la Buruli, lililopewa jina la sehemu moja ya Uganda, ambalo huanza kwa uvimbe usiouma. Vijidudu vyake vilielezwa na madaktari wa Australia mwaka 1948, na siku hizi hutibiwa kwa dawa za kumeza kwa majuma manane. Na mara chache donda lililokaa miaka mingi hugeuka saratani: kingo zake huinuka, nyama huota kupita kiasi, na hutoka damu kwa urahisi.

Basi kanuni ya kwanza ya kuuguza donda nyumbani ni hii: usianze nyumbani. Anza kwa mtu ajuaye kupima, akuambie asili yake. Ukiisha kuijua, kazi iliyo kubwa ni yako na ya watu wa nyumba yako, maana mwuguzi atakuona siku moja katika juma, na siku sita zilizobaki ni zako.

KAZI YA KILA SIKU

Mwuguzi alimfundisha mama mkubwa mbele yetu sote, kisha akamwambia afanye mwenyewe huku akimtazama. Nayaandika kwa taratibu kama alivyoyafundisha.

1. Andaa kila kitu kabla ya kufungua donda. Pasa mahali pasiwe na vumbi, wala kuku, wala mtu anayefagia. Weka karibu beseni safi, maji, shashi au vitambaa safi, bendeji, na mfuko wa kutilia takataka.

2. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayomiminwa, hata kwenye kucha, kabla ya kazi na baada ya kazi. Kama mifuko ya mikono ya mpira ipo, vaa.

3. Maji yawe yamechemshwa na kuachwa yapoe hata yawe vuguvugu. Ukitaka ya chumvi, tia kijiko kidogo kimoja cha chai, kilichosawazishwa, katika nusu lita. Usizidishe. Chumvi nyingi huumiza na haiongezi usafi.

4. Kitambaa cha jana kikiwa kimeshikamana na donda, usikivute. Kilowe kwa maji hayo hata kiachie chenyewe. Kila uvutapo kwa nguvu, unang'oa ngozi changa iliyoota usiku kucha.

5. Mimina maji juu ya donda, usisugue. Usaha na vipande vilivyolegea vitoke kwa maji. Nyama nyeusi au ya manjano iliyoshika usiikate wala kuikwangua. Hiyo ni kazi ya mwenye ujuzi. Kisha osha mguu wote kwa sabuni, uukaushe kwa kuugusagusa, na hasa katikati ya vidole. Ngozi iliyo kavu ipake mafuta mazito yasiyo na manukato.

6. Funika donda kwa shashi iliyopakwa mafuta hayo safi kidogo ili isishikamane, kisha weka shashi kavu ya kunyonya maji, halafu bendeji. Vitambaa vilivyotumika vichomwe au vifukiwe. Bendeji za kufuliwa zifuliwe kwa sabuni, zichemshwe, zianikwe juani na kupigwa pasi, kisha zihifadhiwe katika kopo lenye kifuniko.

Mwanzoni, donda lilipokuwa likitoa maji mengi, kazi hii ilifanywa kila siku. Maji yalipopungua, ikawa kila siku ya pili au ya tatu. Usifungue mara nyingi kuliko inavyohitajika. Donda linalotazamwa kila saa ni kama mbegu inayofukuliwa ili kuona kama imeota.

KUHUSU KUKAUSHA DONDA

Watu wengi huamini kwamba donda lazima liachwe wazi lipigwe na upepo na jua hata lifanye kigaga. Mimi pia niliamini. Lakini mwaka 1962 mtaalamu mmoja wa London, George Winter, alilinganisha majeraha madogo ya nguruwe, mengine yakiachwa wazi na mengine yakifunikwa yasikauke. Yale yaliyofunikwa yaliota ngozi upesi mara mbili hivi kuliko yaliyoachwa wazi. Ngozi changa hutambaa juu ya nyama yenye unyevu kidogo. Ikikuta kigaga kigumu, sharti ipite chini yake, nayo huchelewa. Basi donda liwe na unyevu, lakini lisiwe kidimbwi. Ngozi ya pembeni ikiwa nyeupe na laini kama ya mtu aliyefua nguo kutwa, maji yamezidi, na ni lazima kubadilisha shashi mara nyingi zaidi. Zaidi ya hayo, donda lililo wazi ni meza ya nzi.

VITU VISIVYOTIWA

Samadi na udongo huleta pepopunda, nayo huua. Majivu, unga wa betri, dawa ya meno, mafuta ya taa na tumbaku iliyotafunwa havifai hata kidogo. Spiriti na dawa kali za kuua vijidudu huua na nyama changa pamoja na vijidudu. Kuzimwagia kila siku ni kung'oa mahindi pamoja na magugu. Unga wa kapsuli hauingii ndani ya nyama kama upasavyo. Hukauka juu, huweza kudhuru ngozi, na huvifundisha vijidudu kuizoea dawa, hata siku itakapohitajika kweli isifae. Dawa hizo ni za kumezwa, na kwa amri ya tabibu tu, donda likiwa limeingiliwa.

Asali ni jambo jingine. Imetumiwa kutibu majeraha tangu zama za Misri ya kale, na hospitali nyingine huitumia hata sasa, lakini ni asali iliyotayarishwa maalumu. Ile ya mzinga huweza kuwa na takataka na vijidudu. Muulize mwuguzi kabla ya kuitia.

BENDEJI YA KUBANA NA MWENDO WA MGUU

Dawa yenyewe iliyomponya baba mkubwa haikuwa ya kupaka. Ilikuwa bendeji ndefu ya kuvutika, iliyofungwa kuanzia chini ya vidole hata chini ya goti, ikibana zaidi kifundoni na kulegea kidogo kidogo kuelekea juu. Kazi yake ni kuisaidia damu kupanda. Si uvumbuzi wa jana. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Paul Gerson Unna wa Ujerumani aliwafunga wagonjwa wake bendeji iliyopakwa dawa ya zinki, na namna hiyo bado yatumika.

Lakini nawasihi wasomaji wasikie neno hili vizuri. Bendeji ya kubana haifungwi mpaka mtu mwenye ujuzi amekwisha hakikisha kwamba damu ya kutosha inafika wayoni. Kwa mtu ambaye mishipa ya kushusha damu imezibika, bendeji hiyo yaweza kuua mguu. Ndiyo sababu mwuguzi yule alitafuta mapigo kwanza. Na hata ikiwa imeruhusiwa, vidole vikigeuka rangi, vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikiuma sana, fungua mara moja na urudi zahanati.

Aliagizwa pia alale na kuinua mguu juu kuliko moyo wake, nusu saa hivi, mara tatu au nne kwa siku. Asisimame mahali pamoja kwa muda mrefu. Lakini atembee, na akiwa ameketi awe akiinua na kushusha visigino. Hapa asili ya donda huonyesha umuhimu wake. Mwenye donda la mishipa kama lake aambiwa atembee, lakini mwenye kisukari aliye na donda chini ya wayo aambiwa kinyume: asilikanyage hata hatua moja, maana kila hatua hulichimba. Sharti apate viatu maalumu, au magongo, au plasta ya hospitali. Ushauri wa mmoja ukipewa mwingine ni hasara.

CHAKULA

Nyama haioti kwa maneno. Donda linalotoa maji kila siku linautoa mwili akiba yake. Mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks walichapisha uchunguzi wao juu ya chakula na afya ya Wakikuyu na Wamasai. Walisema kwamba madonda ya miguu yalionekana zaidi kwa Wakikuyu, ambao chakula chao kilikuwa hasa nafaka na mizizi, kuliko kwa Wamasai wenye maziwa na nyama. Uchunguzi ule umekosolewa baadaye kwa mambo mengi, lakini neno moja limebaki: ugali mtupu haujengi ngozi.

Nyumbani kwetu tulikuwa na kuku, na mayai yalikuwa yakipelekwa sokoni. Mwuguzi aliuliza bei ya yai moja, kisha akauliza bei ya kapsuli nilizokuwa nikinunua. Nikaona haya. Tangu hapo yai moja lilibaki nyumbani kila siku, pamoja na maharagwe, maziwa, mboga za majani, na mapera au machungwa kwa msimu wake. Samaki wadogo wakavu nao ni chakula chema, na bei yake si kubwa. Tumbaku tulimwomba aiache, kwa kuwa sigara hubana mishipa ya damu. Hilo lilitupa taabu kuliko donda.

DAFTARI LA DONDA

Sasa niseme juu ya mchango wangu, ambao ni wa kikarani. Tulikuwa tukibishana kila mara kama donda linapungua au haliipungui. Mmoja akisema ndiyo, mwingine siyo, kila mtu kwa macho yake. Mwuguzi akasema, "Wewe si karani? Andika."

Nikanunua daftari la kurasa 96 na rula ndogo inayoweza kuoshwa. Kila Jumamosi mjukuu wake wa darasa la saba aliliandika: tarehe, urefu, upana, rangi ya nyama, maji mengi au machache, harufu, maumivu, na jina la aliyefunga. Jumamosi ya kwanza aliandika sentimita 9 kwa 6. Baada ya majuma manne aliandika 7 na nusu kwa 5. Macho yetu hayakuona tofauti yo yote, lakini daftari liliona. Nalo ndilo lililomzuia baba mkubwa asikate tamaa mwezi wa tatu, aliposema kwamba kazi hii ni bure. Tulimsomea namba, akanyamaza, akaunyosha mguu.

Namba hizo zamfaa mwuguzi pia. Madaktari hutazamia donda la mguu wa mwenye kisukari lipungue kwa nusu hivi katika majuma manne ya uangalizi mwema. Lisipofanya hivyo, hapana haja ya kungoja mwaka. Kuna jambo halijafahamika, na mgonjwa apelekwe hospitali kubwa zaidi. Hata madonda mengine, yakikaa mwezi mzima bila kupungua ingawa kazi yafanywa vizuri, yapasa kuchunguzwa upya.

DALILI ZA KUKIMBIA NAZO

Msingoje siku ya kliniki mkiona mojawapo ya haya: homa au kutetemeka, wekundu na joto linaloenea kutoka kwenye donda, maumivu yanayozidi ghafula, usaha mwingi au harufu mpya, nyama au kidole kinachogeuka cheusi, damu isiyokoma, mfupa unaoonekana. Kwa mwenye kisukari, msingoje maumivu, kwa sababu huenda yasije. Mguu wake utazamwe kila jioni, juu na chini, kwa taa au kwa kioo, na malengelenge yo yote yapelekwe kwa tabibu siku ile ile.

MWISHO WA HABARI

Donda la baba mkubwa lilifunga mwezi wa nane. Daftari linaonyesha Jumamosi moja ambayo mjukuu hakuandika namba; aliandika "ngozi" tu, akapiga mstari chini yake kama tufanyavyo tunapofunga hesabu.

Lakini mwuguzi alituonya kwamba hesabu ya namna hii haifungwi kabisa. Vilango vya mishipa havikupona, na mguu uliopata donda mara moja waweza kulipata tena. Kwa hiyo baba mkubwa avaa soksi ndefu ya kubana kila siku. Huivaa asubuhi kabla ya kushuka kitandani, na kuivua usiku. Akiambiwa kwamba ni ghali, hujibu kwamba aliwahi kununua vitu ghali zaidi akaviteketeza juu ya mguu wake.

Harufu ilikuwa imekwisha mapema, katika majuma ya kwanza ya kuosha. Hata hivyo kwa miezi kadhaa aliendelea kula chini ya ukuta wa ghala, kwa kuwa mtu akizoea kujificha hajui siku ya kuacha. Nilipopanda mlimani mwisho wa mwezi mmoja, nilimkuta jikoni, ameketi mahali pake pa zamani karibu na moto. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba mkubwa." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanisogezea kigoda. Mtoto yule aliyeziba pua alikuwa amelala, kichwa chake juu ya goti la kushoto la babu yake.

Wasomaji, tazameni katika vijiji vyenu. Yupo mtu aketiye karibu na mlango. Msimwulize mbele za watu. Mwendeeni nyumbani kwake, mwulizeni kama mguu wake umepata kupimwa, si donda tu. Na akisema kwamba atazikwa nalo, mwambieni kwamba yuko mzee mmoja wa Taita aliyesema vivyo hivyo.